Jinsi Tulivyotafuta Maji Yaliyopotea

Wazee wa Kigogo husimulia ya kwamba jina la Dodoma limetokana na neno "idodomya", maana yake "imezama". Wasema tembo alikwenda kunywa maji, miguu yake ikanasa katika matope, naye akazidi kuzama huku watu wakitazama. Leo sitaandika habari za tembo huyo. Nitaandika habari za kitu kingine kilichozama katika ardhi ya Dodoma, nacho ni maji ya nyumbani kwetu Nkuhungu, ambayo yalipotea tangu mwisho wa Machi hata Juni mwaka huu wala mtu hakuyaona.

Wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, nimechagua habari hii kwa sababu bomba likipasuka juu ya ardhi kila mtu hulipigia kelele, lakini likipasuka chini ya ardhi, mara nyingi kelele hupigiwa mtu asiye na kosa. Ndivyo ilivyotokea kwetu.

Kwanza yafaa tukumbuke maji yetu yanatoka wapi. Nchi yetu ya uwanda wa kati ni kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hata Aprili, na kwa wastani haizidi milimita 600 kwa mwaka. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Hatuna ziwa karibu wala mto utiririkao mwaka mzima. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umekunywa maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Kina cha maji ya bonde hilo kimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 wataalamu walichapisha matokeo ya vipimo vya miaka 55. Waliona jambo la ajabu: katika miaka mingi mvua hainyweshi visima hivyo hata kidogo. Maji ya chini hupanda katika miaka michache tu yenye mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Baada ya hapo hushuka polepole, mwaka hata mwaka, yakingoja mvua nyingine ya namna hiyo.

Na watu nao wamezidi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa wetu. Ile ya 2022 ilihesabu 3,085,625. Maana yake, katika miaka kumi watu milioni moja zaidi wamepata kiu hapa petu. Ndiyo sababu mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Zamu yetu ni siku nne kwa juma.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Nyumbani kwetu tunaishi mimi, mama, mdogo wangu na babu mzaa mama. Baba ni dereva wa lori la masafa, na mara nyingi yuko njiani. Mama huuza nafaka katika Soko la Majengo. Mwaka huu alimaliza kujenga chumba kimoja cha uani kwa ajili ya kupangisha, ili tupate fedha za kunisaidia nikiingia kidato cha tano. Mwisho wa Machi lori lilileta mchanga na kokoto za kumalizia, na mwanzo wa Aprili mpangaji akahamia. Ni mama mwenye watoto wawili wadogo, auzaye vitumbua asubuhi karibu na kituo cha daladala.

Ankara ya maji ya mwezi wa Aprili ilipofika kwenye simu ya mama, ilionyesha uniti 22. Uniti moja ni lita 1,000. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia uniti 8 kwa mwezi. Mama alishtuka, na nadhani mzazi yeyote angeshtuka. Akatazama ni nini kilichobadilika nyumbani, akaona ni kimoja tu: mpangaji. Akamwambia alipe nusu ya ankara, yaani thamani ya uniti 11. Yule mama alilipa, lakini alisema, "Mama mwenzangu, mimi maji hayo siyajui." Tangu siku hiyo hakugusa tena bomba letu. Mwezi mzima wa Mei alinunua maji ya mkokoteni, madumu manne kwa siku, ya kupikia, kufulia na kuogeshea watoto, akiyabeba mbele ya macho ya majirani ili kila mtu aone.

Ankara ya Mei ikaja na uniti 20. Hapo mama alikasirika zaidi, akiamini ya kwamba yule mama anachota usiku tukiwa tumelala. Akampa notisi ahame mwisho wa Juni.

Mimi nilifika likizo juma la kwanza la Juni, nikakuta nyumba ina ukimya usio wa kawaida. Watoto wa mpangaji hawakuruhusiwa tena kucheza karibu na bomba. Babu ndiye aliyenieleza mambo yote, jioni tulipokuwa tumekaa chini ya mwarobaini. Babu alikuwa fundi bomba kwa miaka zaidi ya thelathini kabla miguu yake haijamsumbua, naye alikuwa amerudi kutoka kwa shangazi, Kondoa, siku tatu tu kabla yangu.

Nilimwuliza, "Babu, huyu mama aliacha kutumia maji yetu mwezi mzima. Kama ndiye aliyekuwa akiyamaliza, mbona ankara imeshuka uniti 2 tu?"

Babu akacheka kidogo. Akasema, "Mjukuu wangu, hizo uniti 2 ndizo zilizokuwa zake. Sasa niambie zile 12 zilizobaki ni za nani."

Basi tulianza kuzitafuta. Nataka nieleze hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu kila nyumba yenye bomba yaweza kufanya hivi, wala haihitaji chombo cha gharama.

Hatua ya kwanza ni kuiuliza dira ya maji, ambayo wengi tunaiita mita. Tarakimu zake nyeusi huhesabu uniti nzima. Sehemu nyekundu huhesabu vipande vya uniti, hata kufikia lita. Na katika dira nyingi kuna kinyota kidogo ambacho huzunguka hata maji yanapopita kidogo sana. Lazima kipimo kifanywe siku ya zamu, kwani siku ambayo hakuna maji katika bomba, tundu haliwezi kujulikana. Saa nne usiku babu alitaka kila mtu achote maji yake ya usiku katika ndoo. Mpangaji naye aliitwa, akaambiwa aje ashuhudie. Alikuja akiwa amejifunga kanga, akasimama mbali kidogo na mama. Tulifunga kila bomba, tukafunga na koki ya tangi. Kisha nikamulika dira kwa tochi na kuandika hesabu katika daftari langu la fizikia, sote tukiona.

Kinyota kilikuwa kinazunguka polepole, bila kusimama.

Saa kumi na moja alfajiri nilisoma tena. Katika saa 7 zilikuwa zimepita lita 210, wala hakuna mtu aliyefungua bomba. Hesabu yake ni rahisi: lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kwa dakika. Ni maji membamba kama uzi, ambayo mtu akiyaona yakitoka bombani angeweza kuyadharau. Lakini kwa siku nzima ni lita 720, sawa na ndoo kubwa 36 za lita 20. Kwa zamu ya siku nne kwa juma, ambayo ni kama siku 17 kwa mwezi, ni lita 12,240. Zilikuwa zile uniti 12 tulizokuwa tukizitafuta. Babu alinikumbusha ya kwamba usiku msukumo wa maji hupanda kwa sababu mji mzima umefunga mabomba, kwa hiyo mchana huenda yakapotea kidogo kuliko hapo. Hata hivyo hesabu ilikuwa imekaribia mno kuweza kubishiwa.

Mama aliliangalia daftari muda mrefu, asiseme neno.

Hatua ya pili ni kujua upande. Maji yaweza kupotea ndani ya nyumba au nje yake. Tulifunga koki iliyo ukutani, mahali bomba linapoingia nyumbani, tukarudi kwenye dira. Kama kinyota kingesimama, tungetafuta ndani: katika boya la tangi, au katika tangi la choo, ambalo hupimwa kwa kutia chai ya rangi ndani yake na kuangalia kama rangi itateremka chooni pasipo mtu kuvuta maji. Lakini kinyota hakikusimama. Kwa hiyo tundu lilikuwa kati ya dira na ukuta wa nyumba, mahali fulani katika hatua 32 za bomba lililofukiwa.

Hatua ya tatu ni kutafuta mahali penyewe. Mdogo wangu alitaka tuanze kuchimba chini ya mpapai, kwa kuwa majani yake yalikuwa mabichi katika kiangazi. Babu alimkataza. Mpapai ule hunywa maji machafu ya kuoshea vyombo, na bomba halipiti hapo. Alisema kuchimba kwa kukisia ni njia ya kutoboa bomba zima. Tulitembea juu ya mstari wa bomba tangu dira hata ukutani, tukaona ardhi kavu mahali pote. Hili lilinishangaza, nikauliza lita 720 kwa siku zinakwenda wapi. Babu akanijibu ya kwamba udongo wetu mwekundu ni wa kichanga, na wakati wa kiangazi una kiu. Maji madogo huteremka moja kwa moja chini yasionekane juu. Katika udongo wa mfinyanzi tungepata dimbwi siku ya pili.

Ndipo babu alipoomba kipande cha nondo kilichobaki katika ujenzi. Aliweka ncha moja juu ya kiungio cha chuma karibu na dira, na ncha nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio lake. Kisha akanipa nami nisikilize. Nilisikia mlio mwembamba, kama wa chungu kinachokaribia kuchemka. Katika somo la fizikia tumefundishwa ya kwamba sauti husafiri vizuri zaidi katika kitu kigumu kuliko hewani, lakini sikuwahi kudhani ya kuwa nitalitumia somo hilo nikiwa nimepiga magoti uani kwetu. Tulisikiliza tena kwenye bomba la ukutani, na huko mlio ulikuwa hafifu mno. Maana yake tundu lilikuwa karibu na dira kuliko nyumba. Zaidi ya hapo nondo haikuweza kutusaidia, kwani bomba lenyewe ni la plastiki, na plastiki humeza sauti.

Basi tukaichoma nondo ardhini kila baada ya hatua moja, kando ya bomba kiasi cha shibiri moja ili tusilitoboe, tukianzia upande wa dira. Kila mara niliichomoa na kuitazama ncha. Hatua ya kwanza ilitoka na vumbi, ya pili vumbi, na kadhalika hata ya kumi. Katika hatua ya kumi na moja nondo iliingia kwa wepesi kama kisu katika muhogo uliochemshwa, na ilipotoka ilikuwa na matope hadi nusu yake.

Tulifunga maji kwenye dira, tukachukua sururu na beleshi. Bomba halikuwa mbali. Lilikuwa chini kiasi cha shibiri moja na nusu tu. Yule aliyelilaza miaka mingi iliyopita hakuweka mchanga chini yake, na mahali hapo lilikuwa limelalia jiwe lenye ncha. Ufa wenyewe ulikuwa mfupi kama ukucha wa kidole kidogo. Babu akauliza, "Ni nini kilichopita hapa mwaka huu?" Sote tuliinua macho. Tulikuwa katikati ya njia liliyopita lori la mchanga na kokoto mwisho wa Machi.

Wasomaji, naomba mtafakari jambo hili, kwani ndilo lililonifanya niandike. Mpangaji alikuja Aprili, na ankara ikapanda Aprili. Mama aliyaona mambo hayo mawili yakienda pamoja, akadhani moja limelizaa lingine. Kumbe yote mawili yalikuwa na mzazi mmoja, yaani ujenzi wa kile chumba. Chumba kilimleta mpangaji, na chumba hichohicho kilileta lori lililolikandamiza bomba juu ya jiwe. Ingekuwa kesi inaamuliwa kwa macho tu, yule mama angeshindwa kila siku.

Tulikikata kipande kibovu, tukaunga kipya kwa viungio viwili. Katika njia ya magari tulichimba hata kufikia futi mbili, tukatoa mawe, tukaweka mchanga uliochekechwa, na bomba likapitishwa ndani ya bomba kubwa zaidi ili uzito wa magari usilifikie. Hatukufukia siku hiyo. Tulifungua maji, tukaacha shimo wazi hata asubuhi ili kuhakikisha viungio havitoi hata tone. Usiku ule nilisoma dira saa nne na saa kumi na moja, na hesabu ilikuwa ileile. Kinyota kilikuwa kimesimama kimya.

Kabla ya kunywa, babu aliamuru tufungue bomba la mwisho na kuyaacha maji yatoke mpaka yatakate, na kwa siku kadhaa tuliyachemsha. Tundu la bomba halitoi tu, pia huingiza. Zamu ikiisha na bomba likiwa tupu, maji machafu yaliyo ardhini huweza kunyonywa ndani, na zamu ikianza huja mpaka katika kikombe. Hapo mama alikumbuka ya kwamba tangu Aprili maji ya kwanza ya kila zamu yalikuwa na rangi ya udongo, na ya majirani hayakuwa hivyo. Dalili ile ilikuwapo siku zote.

Jioni mama alichukua daftari langu na ankara zake mbili, akaenda hadi mlangoni kwa mpangaji. Hakumwita aje; alikwenda mwenyewe. Walikaa juu ya mkeka, na mama akamsomea hesabu: uniti 11 alizolipia, uniti 2 alizotumia, na uniti 9 ambazo hakuzidaiwa. Akamwekea fedha za uniti hizo 9 mkononi, akamwambia, "Dada yangu, nisamehe. Notisi nimeifuta, kaa nasi." Yule mama alizipokea kwa mikono miwili, akasema amesamehe. Lakini alikuwa amekwisha kulipa kodi ya miezi mitatu mahali pengine, huko Chang'ombe, na fedha hiyo hairudishwi. Mwisho wa Juni alihama kama ilivyopangwa. Mama alimtafutia gari la kuhamisha vyombo na kulilipia. Mdogo wangu alilia, kwa maana alikuwa amekwisha kuwazoea wale watoto.

Kipimo kile kilichukua usiku mmoja. Kingefanywa Aprili, kingechukua usiku mmoja vilevile.

Kwa hiyo, wazazi wangu mnaosoma gazeti hili, ankara ikipanda, someni dira kabla ya kusoma nyuso za watu. Andikeni hesabu yake kila mwisho wa mwezi ukutani au katika daftari, ili siku itakapobadilika mjue imebadilika kwa kiasi gani. Tundu likiwa baada ya dira, bomba ni lenu, na kulitengeneza ni juu yenu. Likiwa kabla ya dira, msichimbe. Toeni habari kwa mamlaka ya maji mapema. Mkilaza bomba jipya, lilazeni chini ya kutosha, juu ya mchanga, na mchore ramani ndogo ya njia yake, maana atakayelitafuta huenda asiwe yule aliyelifukia.

Na ninyi wanafunzi wenzangu, tunaoishi zaidi ya nusu ya mwaka katika mabweni, nina shauri moja. Shule yetu nayo ina dira, na yatumia maji yaleyale ambayo mvua ya miaka michache tu ndiyo huyajaza. Viranja wa mazingira wakiwa na mwalimu wao wangeweza kuisoma usiku, taa zikiisha kuzimwa, na tena kabla ya kengele ya alfajiri. Kama hesabu zitafanana, tutalala vizuri. Kama hazitafanana, tutaanza kutafuta kwa nondo na daftari, kabla hatujaulizana ni bweni gani linaloacha mabomba wazi.